Nyama Kidogo, Walaji Sita: Koroke, Mlo wa Jioni kutoka Japani

Jioni inapokaribia, mama wa nyumba hukabiliwa na hesabu ngumu: nyama aliyonayo haifiki robo kilo, na walaji ni sita. Akiitia katika mchuzi, vipande vyahesabika. Baba hupakuliwa viwili, mgeni hupewa kimoja, kaka mkubwa hujitwalia chake, na yule mdogo huambulia supu. Si uchoyo wa mtu yeyote. Ndiyo tabia ya nyama kidogo iliyomo ndani ya sufuria kubwa.

Familia za Japani nazo ziliijua hesabu hiyo, na mojawapo ya majibu yao huitwa koroke. Hili ni donge la viazi mviringo vilivyopondwa, vikachanganywa na nyama ya kusaga na vitunguu, kisha likavikwa chenga za mkate na kukaangwa mpaka ganda lake liwe na rangi ya dhahabu. Kwa kuwa nyama imesambaa katika viazi vyote, kila donge lina sehemu sawa na jingine. Aliye mdogo hula sawa na aliye mkubwa.

ASILI YA KOROKE

Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki akiiona koroke atasema kwamba hiyo ni katlesi, wala hatakuwa amekosea sana. Vyakula hivi viwili ni ndugu wa mbali. Jina la koroke limetoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kinacholia kinapotafunwa. Neno katlesi, kwa upande wake, limetoka kwa Waingereza, na Wajapani nao walilichukua neno hilo hilo wakalitamka katsuretsu, kisha wakalifupisha kuwa katsu, ambalo kwao ni kipande cha nyama kilichovikwa chenga za mkate na kukaangwa. Tofauti kubwa imo katika ladha: katlesi hupenda bizari, pilipili na ndimu, ilhali koroke hutosheka na chumvi na pilipili manga.

Chakula hiki si cha kale sana huko Japani. Mwaka 675 mfalme Tenmu alikataza kuliwa kwa nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, na kwa karne nyingi baadaye mafundisho ya dini ya Kibudha yaliwafanya Wajapani wengi waishi kwa wali, samaki na mboga. Mwaka 1872 habari zilitangazwa kwamba mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Tangu hapo vyakula vya Ulaya vikaanza kuingia mijini, kwanza katika mahoteli ya wenye fedha.

Viazi mviringo vilikuwa vimetangulia kufika, vikiletwa na merikebu za Waholanzi zilizotoka Java. Hata jina lake kwa Kijapani, jagaimo, lakumbusha mji wa Jakarta. Lakini kilimo chake kilipata nguvu hasa katika kisiwa cha baridi cha Hokkaido, upande wa kaskazini. Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, Kawada Ryokichi, mtu mwenye cheo cha baroni, alipanda mbegu kutoka ng'ambo ambayo baadaye wakulima waliiita Danshaku, yaani baroni. Viazi vyake ni vya unga, vyapondeka kwa urahisi, na mpaka leo vyasifiwa kwa koroke.

Walioieneza koroke kwa watu wa kipato cha kawaida ni wauza nyama. Bucha lina vipande vidogo vidogo visivyouzika peke yake, na lina mafuta ya nguruwe ya kukaangia. Ukiongeza viazi, vipande hivyo vyageuka bidhaa. Mama akitoka kazini au sokoni, hununua koroke za moto hapo hapo buchani, akazipeleka nyumbani kwa chakula cha jioni. Desturi hiyo ingalipo katika mitaa ya maduka ya Japani, ingawa siku hizi koroke huuzwa pia katika maduka makubwa, tena zikiwa zimegandishwa.

Katika enzi ya Taisho, yaani 1912 hadi 1926, ulivuma hata wimbo wa kuchekesha kuhusu mume aliyelalamika kwamba mkewe humpa koroke kila siku. Mzaha huo una funzo lake: chakula kizuri nacho huchosha kikirudiwa mno.

MAHITAJI

Kwa koroke 12, zinazotosha watu sita:

Viazi mviringo kilo 1
Nyama ya kusaga gramu 200
Vitunguu maji 2 vya kadiri
Chumvi kijiko 1 cha chai, na pilipili manga kidogo
Unga wa ngano nusu kikombe
Mayai 2
Chenga za mkate vikombe 2
Mafuta ya kukaangia
Kabichi nusu

Chenga hupatikana kwa kuukwaruza mkate uliolala siku moja au mbili. Akiba haiozi, na mkate mkavu ambao ungetupwa ndio unaofaa zaidi. Wajapani hupendelea chenga kubwa kubwa, kwa kuwa ganda lake huwa jepesi na hulia mdomoni. Mayai yakikosekana, unga wa ngano ukorogwe na maji mpaka uwe mzito kama uji, nao utashika chenga vizuri.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Viazi huoshwa, humenywa na kukatwa vipande vinavyolingana. Sehemu yoyote iliyogeuka kijani hukatwa na kutupwa, maana ina sumu. Huchemshwa katika maji yenye chumvi mpaka vilainike, kisha maji humwagwa yote. Sufuria hurudishwa motoni kwa dakika moja au mbili, ikitikiswa, ili unyevu uliobaki utoke kwa mvuke. Hatua hii ndogo ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayoiharibu kazi yote. Viazi hupondwa vingali moto. Vikibaki na vijibonge vichache si kosa.

Vitunguu hukatwa vidogo sana, vikakaangwa kwa mafuta kidogo mpaka vilainike. Nyama hutiwa juu yake pamoja na chumvi na pilipili manga, ikakorogwa mpaka iive na maji yake yote yakauke. Baadhi ya wapishi wa Japani huongeza sukari kidogo na mchuzi wa soya. Kisha nyama huchanganywa na viazi, na mchanganyiko huachwa upoe kabisa.

Ukishapoa, hugawanywa mafungu 12 sawasawa. Kila fungu hufanywa umbo la yai lililobanwa, unene wa vidole viwili. Wajapani hulifananisha umbo hilo na koban, sarafu ya dhahabu ya zama zao za kale. Kila donge huviringishwa katika unga, likachovywa katika mayai yaliyopigwa, kisha likagandamizwa katika chenga pande zote bila kuacha pengo.

Mafuta hupashwa moto katika karai. Chenga moja hudondoshwa ndani: ikizama kidogo kisha ikapanda juu haraka ikitoa mapovu, mafuta yako tayari. Koroke tatu au nne hutiwa kwa zamu, zikageuzwa mara moja tu. Ndani tayari pameiva, hivyo dakika tatu au nne zatosha kulipa ganda rangi. Mwenye mafuta machache aweza kutumia kikaango kidogo, mafuta yafike nusu ya unene wa koroke.

KWA NINI HUPASUKA?

Koroke ikipasuka mafutani, sababu huwa moja kati ya hizi: viazi vilibaki na maji, mchanganyiko haukupoa, ganda lilikuwa na pengo, au karai lilijazwa mno hata mafuta yakapoa. Mpishi akiziepuka hizo nne, hatapoteza hata moja.

KULA NA KUWEKA

Huko Japani koroke huandaliwa pamoja na wali na kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, ikalowekwa kidogo katika maji baridi safi. Kabichi huondoa uzito wa mafuta mdomoni. Juu yake hutiwa mchuzi mzito mweusi wenye utamu na ukali. Kwetu nyanya iliyopikwa na kitunguu na siki kidogo yaweza kushika nafasi yake.

Ni vema ikumbukwe kwamba gramu 200 zikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja hupata kiasi cha gramu 33 tu za nyama. Hivyo watoto wanaokua wapewe pia maharage au mboga za majani. Nyama ikikosekana, boga hushika nafasi ya viazi, kama Wajapani wenyewe wafanyavyo. Koroke iliyobaki huwekwa mahali pa baridi, na kesho yake hupashwa moto vizuri na kutiwa katikati ya mkate kuwa chakula cha mchana.

Koroke hudai kazi, na hudai mafuta. Si chakula cha kila siku. Lakini jioni ile ambayo nyama ni kidogo na macho ya watoto yako kwenye sufuria, sahani sita zaweza kuwekwa mezani, kila moja na koroke mbili, na asiwepo wa kuuliza kwa nini mwenzake kapata zaidi.