Uani Ndiko Kodi Inakopotelea

Nyumba nyingi za kupangisha za Tabora, ukizipitia Ng'ambo, Isevya au Cheyo, zina ramani ileile: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, halafu ua wenye bomba, choo na jiko. Mwenye nyumba akikaa kupiga hesabu, anahesabu vyumba. Sita mara kodi ya mwezi, mara kumi na mbili. Mwisho wa mwaka fedha hiyo kwa kawaida haipo mkononi, na ukifuatilia ilipopotelea unaishia uani, kwenye vitu ambavyo wapangaji wote wanavitumia na hakuna anayeviona vyake.

Chukua chumba cha shilingi 30,000. Ukipandisha kodi hadi 35,000, unatarajia kuongeza 60,000 kwa mwaka. Mpangaji akihama kwa ajili ya hiyo 5,000 na chumba kikakaa miezi miwili bila mtu, umepoteza 70,000, na hapo hujapiga rangi wala kubadilisha kitasa. Kwa mwenye nyumba mdogo, mpangaji anayelipa kwa wakati ni wa kushikiliwa hata kama jirani anatoza zaidi. Tena mpangaji wa namna hiyo mara nyingi hafukuzwi na kodi. Anachoshwa na ugomvi wa umeme.

Ugomvi huo una mzizi ambao wengi hawaujui. Kwa bei za TANESCO zilizoanza 2016, mteja wa matumizi madogo, yaani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida analipa 292. Sasa vyumba sita vikichangia mita moja, kila kimoja kikitumia yuniti 20 za taa, televisheni na pasi, jumla inafika 120 na nyumba nzima inaingia daraja la kawaida. Mama wa chumba cha mwisho, ambaye kwa mita yake mwenyewe angelipa 2,000, anachangishwa 5,840 kwa umeme uleule. Anahisi anaibiwa. Anamshuku kijana wa chumba cha pili mwenye hita ya maji, na kumbe hata huyo kijana asingekuwepo bei isingeshuka.

Sabmita zinasaidia kujua nani katumia kiasi gani, na ni nafuu kufunga, lakini hazibadilishi bei ya yuniti. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo ya kuendeleza nyumba, kabla ya vigae na dari ya jipsamu, nenda TANESCO ukaulizie kuigawa nyumba kwenye mita zaidi ya moja. Mpangaji anayenunua LUKU yake mwenyewe anakaa muda mrefu. Hilo nimeliona nyumba baada ya nyumba.

Kuna jambo dogo hapohapo kwenye LUKU linaloharibu uhusiano wa watu kabisa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500. Inakatwa kwa yule anayetangulia kununua mwezi huo. Nyumba ikikaa tupu, deni linajikusanya, na mpangaji mpya anayeingia na vocha yake ya 5,000 anapata yuniti za kuhesabu kwa vidole. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Njia safi ni mwenye nyumba anunue umeme wa kwanza wa kila mwezi yeye mwenyewe, au amrudishie mpangaji 1,500 yake kwenye kodi ya chumba bila kusubiri kuombwa. Ni 18,000 kwa mwaka. Sioni sababu ya kugombana na watu sita kwa fedha hiyo.

Yote haya yaandikwe. Kaunta buku moja, lining'inie kwa kamba karibu na mita, liwe na safu za tarehe, chumba, usomaji wa sabmita, kiasi kilicholipwa na sahihi. Ankara ya maji ya TUWASA ibandikwe kwenye ukurasa wa mwezi wake. Mpangaji akihama, namba iliyoko kwenye sabmita siku hiyo inaandikwa mbele yake, ufunguo unapokelewa, na ukuta unaangaliwa mkiwa wawili.

Maji nayo yameleta hesabu mpya. Zamani mji ulitegemea zaidi bwawa la Igombe, na ndoo zilipangwa foleni. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika, wenye nyumba wakaweka vyoo vya kuflashi na mabafu ya ndani, lakini shimo likabaki lilelile lililochimbwa kwa ajili ya maji ya kopo. Shimo hilo linajaa haraka, na linajaa vibaya zaidi masika. Panga kulinyonya mwezi wa 9 au wa 10, kabla mvua hazijaanza Novemba. Wakati huohuo panda juu ya paa ukague mbao. Mchwa wa nchi hii ya miombo hawana mzaha, na kuta za tofali mbichi zinamomonyoka chini kama maji ya paa yanamwagikia kwenye msingi.

Fedha ya kazi hizo itoke wapi? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenye nyumba wengi wanaodai kodi ya mwaka mzima. Fungu kubwa huliwa likiingia, na shimo likijaa miezi minane baadaye hakuna kitu. Miezi mitatu mitatu inamtosha mpangaji na inakuachia wewe fedha ya matengenezo. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo kodi ni makubaliano yenu, na makubaliano yasiyoandikwa yanawaumiza wote. Msikubali pia ile tabia ya kung'oa mlango wa mdaiwa au kumtolea vyombo nje. Inaweza kukugeuza wewe kuwa unayedaiwa. Mgogoro ukikwenda kwenye vyombo vya ardhi unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko wanasoma maandishi, na lile kaunta buku linakuwa shahidi.

Mkataba uanze lini ni swali ambalo Tabora ina majibu yake. Mji huu umepokea wageni wa msimu tangu enzi za misafara. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifikia Kazeh, yaani Tabora ya zamani, Novemba 1857 wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Mmisionari Livingstone alikaa Kwihara, jirani na mji, hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi, nao wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na kalenda yao, pwani wakati wa kiangazi, shambani mvua zikikaribia. Wapangaji wa leo nao wana kalenda. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha AMUCTA analipa bumu likitoka. Mwalimu na muuguzi wa hospitali ya Kitete wanalipa mshahara ukiingia. Mkulima wa tumbaku wa Sikonge au Urambo, aliyempangia mwanawe chumba mjini, ana fedha akishauza tumbaku, na ukimdai Februari unamdai mtu asiye na kitu.

Halafu kuna reli ya kisasa, inayojengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, kwenda Isaka na kwenda Kigoma. Wafanyakazi wake wanalipa vizuri, lakini ujenzi una siku yake ya mwisho. Ukiwapangisha, mkataba uwe na kampuni na si na fundi, uandikwe nani anarudisha chumba katika hali gani, na vyumba vinne kati ya sita waachiwe walimu na wanafunzi.