Mguu wa Tommy Douglas

Thomas Clement Douglas, mzaliwa wa Uskochi mwaka 1904, aliyehamia Winnipeg, Kanada, pamoja na wazazi wake, nusura akatwe mguu wa kulia angali mtoto, kwani maradhi yalikuwa yameingia mfupani na baba yake, aliyefanya kazi ya kusubu chuma, hakuwa na fedha za kumwita tabibu bingwa. Ila Mola akajaalia akapita daktari mmoja aliyekubali kumtibu bilashi, kwa sharti kwamba wanafunzi wake wahudhurie wajifunze. Mguu ukapona hata mwenyewe akaja kuwa bingwa wa masumbwi wa Manitoba. Lakini tangu hapo hakuacha kujiuliza, je, mtoto wa fukara ambaye siku hiyo daktari hakupita?

Aliingia siasa akiwa kasisi wa Kibaptisti mjini Weyburn, Saskatchewan, wakati ukame na kuanguka kwa bei ya ngano vilipowadhalilisha wakulima wa jimbo lile, na mwaka 1944 chama chake cha kisoshalisti, CCF, kikatwaa viti 47 katika 52, naye akawa Waziri Kiongozi. Tarehe 1 Januari 1947 bima ya hospitali ikaanza, kwa ada ya dola 5 kwa mtu kwa mwaka.

Wanaomsifu hupenda kulipita kimya jambo moja: mwaka 1933, katika tasnifu yake ya chuo kikuu, aliunga mkono kuwafunga uzazi watu waliodhaniwa kuwa na akili pungufu. Insafu yataka lisemwe, na lisemwe pia kwamba alipoishika wizara ya afya mwenyewe aliikataa rai hiyo.

Bima ya matibabu yote ndiyo iliyomjengea jina, ingawa tarehe 1 Julai 1962, ilipoanza na madaktari wakagoma siku 23, Douglas alikwisha kwenda kuongoza chama kipya cha taifa, na aliyebaki kustahimili matusi ya umati alikuwa mrithi wake, Woodrow Lloyd, mwalimu wa shule, mtu mpole asiye na ufasaha wa mtangulizi wake. Lloyd hakurudi nyuma, na kwa rai yangu fahari ya jambo hili ni yake kwa nusu nzima. Mwaka 1964 wapiga kura walimwondoa. Mwaka 1966 Bunge la Kanada likaupitisha mpango ule kwa nchi nzima.

Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni ya taifa walimchagua Douglas kuwa Mkanada mkuu kuliko wote. Lloyd alikuwa amefariki tangu mwaka 1972, mjini Seoul, akiutumikia Umoja wa Mataifa.