MBU NAO WANA SAA ZAO

Wapo wazazi wengi wanaojiuliza: mbona tunalala ndani ya chandarua kila siku, na bado watoto wanaugua malaria? Swali hili ni la haki. Ili kulijibu yatupasa kwanza kuuliza jingine: je, mbu huuma saa ngapi?

Viumbe vina saa ndani ya miili yao. Jogoo huwika kabla hakujapambazuka, na popo hutoka jioni. Saa hiyo huzunguka kwa muda wa karibu saa 24, nayo hurekebishwa kila siku na mwanga na giza. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kueleza jinsi inavyofanya kazi. Wao waliichunguza katika inzi wadogo wa matunda.

Lakini miaka mingi kabla ya tuzo hiyo, kazi kubwa ilifanyika kando ya ziwa letu la Viktoria. Alexander Haddow, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1912, alichunguza mbu katika nyumba za wenyeji wa Kisumu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1942. Baadaye alifanya kazi Entebbe, Uganda, katika taasisi ya utafiti wa homa ya manjano, akaiongoza tangu 1953 hadi 1965.

Njia yake ilikuwa rahisi lakini ya kuchosha. Watu walikaa msituni kwa zamu, usiku na mchana, wakimkamata kila mbu aliyetua miilini mwao na kuandika saa. Katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, ulisimamishwa mnara wa chuma wenye urefu wa futi 120, na wakamataji wakaketi juu yake kwa ngazi mbalimbali. Wengi wao walikuwa Waafrika ambao majina yao hayatajwi sana. Bila uvumilivu wao tusingejua mambo haya.

Ilionekana kwamba kila aina ya mbu ina saa yake na mahali pake. Aina iitwayo Aedes africanus huuma zaidi juu ya miti, mara tu baada ya jua kuzama, wakati tumbili wako juu humo kulala. Aina nyingine, Aedes simpsoni, huuma mchana kwenye migomba. Hivyo ilieleweka jinsi homa ya manjano inavyotoka msituni: mbu wa juu humwambukiza tumbili, tumbili huja shambani kuiba ndizi, huumwa na mbu wa migombani, na huyo naye humwuma mkulima.

Sasa tuje kwenye malaria. Mbu wake, Anofelesi, kwa kawaida huuma usiku, hasa baada ya saa sita. Ndiyo maana chandarua kimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini si wote wanaofuata saa hiyo. Uchunguzi uliofanyika nchini mwetu umeonyesha kuwa wengine huuma mapema jioni, watu wakiwa bado nje, na wengine alfajiri, watu wakiwa wameshaamka. Chandarua humlinda aliye ndani yake tu. Hapa Nyamuswa jua huzama karibu saa moja jioni. Mtoto anayeota moto uani hadi saa tatu amekaa saa mbili bila kinga.

Basi tufanye hivi:

1. Watoto wadogo waingizwe chandaruani mapema, wasingoje hadi wazazi walale.

2. Jioni tuvae nguo ndefu na kufunika miguu. Tufanye hivyo pia kwenye matanga na mikesha ya sala, kwani huko hukesha watu wengi nje.

3. Anayeamka alfajiri kwenda kisimani au kukamua ng'ombe naye ajifunike.

4. Tumwage maji yaliyotuama katika makopo na matairi. Humo huzaliana mbu wa dengi, ambaye huuma mchana.

5. Mtoto akipata homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akapimwe damu. Akikutwa na malaria na kupewa dawa mseto ya vidonge, ammalizie dozi yote ya siku tatu, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.

6. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema, ili apate chandarua na dawa ya kumkinga.

Mungu ametupa akili ili tuutunze uhai aliotukabidhi. Kinga ni bora kuliko tiba.