Vishikio vya baiskeli: Auze kwa kipimo, si kwa bei tu

MFANYABIASHARA wa vipuri vya baiskeli kwa kawaida huweka mtaji wake kwenye matairi, minyororo na breki, vitu ambavyo bila hivyo baiskeli haiendi. Vishikio vya usukani, yaani ile mipira miwili anayoishika mwendeshaji, huagizwa mwishoni kwa fedha iliyobaki, na kigezo huwa kimoja tu: bei. Kwa baiskeli za milimani, ambazo wengi huziita baiskeli za gia, kigezo hicho humuumiza mteja mikono na kumnyima muuzaji faida ambayo ingeweza kupatikana.

Chanzo cha maumivu kinajulikana. Upande wa nje wa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, unapita mshipa wa fahamu ulio karibu na ngozi. Njia nyembamba unamopita mshipa huo imepewa jina la Félix Guyon, daktari wa upasuaji wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1861. Uzito wa mwili ukiegemea hapo kwa muda mrefu, huku barabara ya mawe ikitikisa usukani, mshipa hubanwa. Dalili zake ni ganzi na mchomo katika kidole cha mwisho na sehemu ya kidole cha pete. Hali ikiendelea, vidole hupungua nguvu, na mwendeshaji asiye na nguvu vidoleni hawezi kuitegemea breki yake mteremkoni.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati hutokana na mshipa mwingine, unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Huo huathirika zaidi pale mkono unapokunjwa kwenda juu wakati wa kushika usukani.

Tatizo hili si la wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la American Journal of Sports Medicine uliwachunguza waendeshaji 25 wa baiskeli za barabarani na za milimani, kabla na baada ya safari ya kilomita 600. Waendeshaji 23 kati yao walipatwa na ganzi, udhaifu wa mkono, au vyote viwili. Hao ni watu wa safari ndefu, lakini wanaonyesha mkono unavyoweza kuelemewa.

KIPIMO KWANZA

Bomba la usukani wa baiskeli ya milimani, mahali panapovalishwa kishikio, lina kipenyo cha milimita 22.2. Kwa hiyo karibu kishikio chochote kitaingia, na hapo ndipo wengi hukosea. Kinachotofautiana ni unene wa nje, ambao kwa kawaida huwa kati ya milimita 29 na 34.

Njia rahisi ya kupima dukani ni kumwomba mteja akishike kishikio kama anavyoendesha. Ncha za vidole zikijichimbia kwenye kiganja, kishikio ni chembamba mno. Atalazimika kukikaza sana ili kisimteleze. Vidole vikibaki mbali na kiganja, ni kinene mno, na misuli ya mkono itachoka mapema. Kinachofaa ni kile ambacho vidole vinakizunguka na kukaribia kiganja bila kujikaza. Mwenye mkono mdogo asiuziwe kinene kwa sababu tu kinaonekana laini.

UMBO NA MPIRA

Vishikio vya mviringo humwezesha mwendeshaji kubadilisha mkao wa mkono, jambo linalowafaa wanaopita njia mbovu. Vile vyenye bawa, ambavyo kampuni ya Ergon ya Ujerumani imejipatia jina kwavyo, vina sehemu pana ya nyuma inayobeba kitako cha kiganja na kutawanya uzito ili usikae juu ya mshipa. Hivi huwafaa zaidi wanaokaa muda mrefu katika mkao mmoja. Hata hivyo, bawa lililofungwa vibaya hukunja kifundo cha mkono na kuleta maumivu mapya. Muuzaji amfungie mteja mwenyewe, kisha ahakikishe kuwa mkono na kigasha vimenyooka.

Kuhusu ufungaji, vipo vya kukaza kwa skrubu, ambavyo havizunguki ovyo na hutolewa kwa dakika chache. Ila ndani yake kuna bomba la plastiki ngumu, hivyo kwa unene uleule mpira wake huwa mwembamba. Vya silikoni au sponji vinavyosukumwa hadi vikakaza hupunguza mtikisiko vizuri zaidi, lakini sponji hunywa maji na huisha upesi. Mpira laini sana pia huchakaa haraka. Aidha, jozi yoyote iwe na vizibo vya ncha, kwani bomba lililo wazi huweza kumjeruhi vibaya anayeanguka.

FUNZO LA DOLA 300

Wawekezaji wadogo wanaodharau bidhaa hii wana mfano wa kuangalia. Mwaka 1975 Jim Jannard wa California, Marekani, alianzisha kampuni ya Oakley kwa mtaji wa dola 300. Bidhaa yake ya kwanza haikuwa miwani iliyoipa kampuni hiyo umaarufu baadaye, bali kishikio cha usukani wa pikipiki, alichokuwa akikiuza kwenye mashindano akitumia gari lake. Alichouza kilikuwa umbo linaloufuata mkono uliokunjwa, na mpira usioteleza mkono ukitoa jasho. Mwaka 2007 kampuni ya Luxottica ya Italia ilinunua Oakley kwa takriban dola bilioni 2.1. Fedha hiyo ilitokana zaidi na miwani, lakini mlango ulifunguliwa na kishikio.

HESABU YA DUKANI

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Mwenye Sh. 400,000 anaweza kununua jozi 100 za aina moja kwa Sh. 4,000 na kuziuza kwa Sh. 6,000. Zikiisha, faida ni Sh. 200,000. Fedha ileile ikinunua jozi 40 bora zaidi kwa Sh. 10,000, zikauzwa Sh. 15,000, faida ni hiyohiyo ya Sh. 200,000, ila kwa wateja 40 badala ya 100.

Hatari ya njia ya pili ni mzigo kulala. Ndiyo maana haifai kununua aina moja tu. Katika jozi 40, nusu ziwe za unene wa kati, 10 nyembamba na 10 nene. Jozi moja ya kila kipimo ifungwe kwenye kipande cha bomba juu ya kaunta, ili mteja ashike kabla ya kulipa. Kipande hicho cha bomba kitauza kuliko tangazo. Na pale ambapo wateja wengi hawamudu bei ya juu, hata vile vya bei nafuu vinunuliwe kwa vipimo vitatu.

KABLA YA MTEJA KULIPA

Muuzaji mwaminifu ataangalia kwanza baiskeli yenyewe. Kiti kilichoinamia mbele humsukuma mwendeshaji juu ya mikono yake. Mikono ya breki iliyofungwa juu mno hukunja kifundo. Tairi lililojazwa upepo kupita kiasi hupitisha kila mtikisiko. Marekebisho hayo hayahitaji kipuri chochote, na yasipofanywa, kishikio kipya kitalaumiwa bure na kurudishwa dukani.

Mteja naye aelezwe ukweli: kishikio hupunguza shinikizo, hakitibu. Ganzi isiyoondoka baada ya kupumzika kwa siku kadhaa, au vidole vinavyoshindwa kushika kikombe, ni suala la hospitali.

Mfanyabiashara anayeagiza shehena ijayo aanze na maswali matatu kwa msambazaji wake: unene ni milimita ngapi, vinafungwaje, na vizibo vipo? Msambazaji asiyeweza kujibu hayo anauza mpira tu, na mpira uko kila mahali.