Mzigo Ukae Wapi: Fizikia ya Trela la Kusafiria

Anayenunua trela la kusafiria kwa mara ya kwanza huonyeshwa kitanda, jiko, bafu na sofa inayokunjuka usiku ikawa kitanda cha pili. Kwenye viwanja vya mauzo huko Marekani, ambako mengi ya matrela haya hutoka viwanda vya Elkhart, jimbo la Indiana, mnunuzi hufungua makabati, hujaribu godoro, kisha huuliza bei. Wachache huinama kutazama ekseli. Mimi nashauri uanzie huko chini. Kila utakachopakia kwenye nyumba hii kitakaa mbele ya ekseli, nyuma yake au juu yake, na jambo hilo lina uzito zaidi kuliko rangi ya mapazia.

Wasukuma mikokoteni wa masoko yetu wanalifahamu hili vizuri. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni inainuka na kutaka kumnyanyua mwenyewe; yakisogezwa mbele kidogo, inatulia viganjani. Trela nalo lina mkono mmoja wa chuma, unaokaa juu ya gololi kubwa iliyofungwa nyuma ya gari, na mkono huo lazima ulemewe. Kipimo kinachotumika Amerika Kaskazini ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Kwa hiyo trela la kilo 2,500 litaikandamiza gololi kwa kilo 250 hadi 375. Ulaya, ambako magari ni madogo zaidi na ekseli za matrela huwa karibu na katikati, kiwango ni cha chini, kama asilimia 5 hadi 7, lakini mwendo nao umebanwa: Ujerumani, bila kibali maalumu, mwisho ni kilomita 80 kwa saa.

Sababu ya ukali huu inaonekana pale lori kubwa linapokupita kwenye barabara kuu. Hewa linayoisukuma mbele yake inalipiga trela ubavuni, kisha likishapita inalivuta. Trela linageuka kidogo upande mmoja, matairi yanalirudisha katikati, lakini likifika katikati bado lina kasi, hivyo linapitiliza upande wa pili. Tairi hupinga kusukumwa kando kwa nguvu inayotokana na pembe kati ya upande linakotazama na upande linakokwenda. Sasa, gari likienda kasi zaidi, kuyumba kwa kiasi kilekile kunazaa pembe ndogo zaidi, na tairi linapinga kwa nguvu ndogo zaidi. Ukiwa kwenye mwendo wa wastani, trela linayumba kidogo kuliko mara iliyotangulia, mpaka linatulia. Lakini kila trela, kwa namna lilivyopakiwa, lina kasi yake ambayo likiivuka, kila linapoyumba linazidi mara iliyopita. Hapo sekunde chache zinatosha trela kuligeuza gari linalolivuta.

Mzigo uliokaa nyuma unaishusha kasi hiyo ya hatari. Katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, wahandisi walitengeneza trela la majaribio ambalo waliweza kubadilisha uzito wake, mahali pa ekseli na mpangilio wa mzigo, kimoja baada ya kingine, wakalivuta barabarani na kupima. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Yaliyoonekana kuwa na athari kubwa ni uzito unaoangukia kwenye gololi, mahali ekseli ilipo, na jinsi mzigo ulivyotawanyika mbali na katikati.

Hilo la mwisho ndilo linalowaponyoka watu wengi, nami nasisitiza. Mtu anaweza kuweka jenereta nyuma kabisa, akaweka masanduku mbele kabisa, akapima mkono wa trela na kukuta uko sawasawa. Bado amekosea. Ugumu wa kukizuia kitu kinachozunguka hukua kwa mraba wa umbali. Jenereta la kilo 50 lililo mita 1 kutoka katikati ya trela linaleta ugumu wenye thamani ya 50, yaani kilo 50 mara mraba wa mita 1. Likisogezwa hadi mita 3, thamani inakuwa 450, mara tisa, ingawa kilo hazijaongezeka hata moja. Vitu vizito vikae sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Baiskeli zinazoning'inizwa nyuma ya trela zinapendeza kwenye picha za matangazo, lakini ningezipeleka juu ya gari au ndani ya pikapu.

Kupima uzito wa mkono hakuhitaji karakana. Mizani ya bafuni haifiki kilo 300, lakini wenzo unasaidia. Simamisha trela mahali tambarare, uzuie magurudumu yake mbele na nyuma. Laza ubao mnene, ncha moja juu ya mizani na nyingine juu ya tofali lenye kimo sawa na mizani, na chini ya kila ncha weka kipande kifupi cha bomba ili uzito ushukie sehemu moja inayojulikana. Soma namba ya ubao wenyewe, uiandike. Kisha shusha mguu wa mbele wa trela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka bomba la upande wa tofali na sentimita 60 kutoka lile la upande wa mizani. Mizani inabeba theluthi moja ya mzigo. Ukishatoa uzito wa ubao, zidisha kwa 3: ukibaki na 95, mkono unabeba kilo 285.

Na likianza kuyumba ukiwa njiani? Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, wala usijaribu kulifuata kwa kukata kushoto na kulia. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu, maana trela litakusukuma kwa nyuma. Usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha. Magari mengi ya Marekani yanayovuta matrela yana kidude karibu na usukani kinachofunga breki za umeme za trela peke yake. Kibonyeze taratibu, trela litavutika nyuma na kunyooka. Kijue kilipo kabla hujatoka nyumbani, mkono uweze kukifikia bila macho kuondoka barabarani.

Mlangoni mwa trela jipya la Marekani kuna kibandiko cha manjano kinachotaja uzito wa juu wa vitu unavyoruhusiwa kuongeza. Namba hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko mtu anavyotarajia, na maji yamo ndani yake: lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 150 ni kilo 150 kabla hujaweka sufuria wala blanketi. Uliza tangi liko wapi. Likiwa nyuma ya ekseli, kulijaza kunaunyanyua mkono wa trela, na tangi lililojaa nusu linayapa maji nafasi ya kukimbia huku na huku. Njia ya uhakika ya kujua uzito ni kulipeleka trela likiwa limepakiwa kila kitu kwenye mizani ya malori.

Matairi ya trela hufa kwa umri, jua na upepo mdogo mara nyingi kabla meno yake hayajaisha. Tazama ubavuni maandishi yanayoanza na herufi DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hata matairi ya magari yanayouzwa kwetu mengi yana tarakimu hizo, na ni vizuri kuzoea kuzisoma. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita chache za mwanzo, na tena kabla hujafikisha 100, kwa sababu chuma kipya hujikalisha.

Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matrela ya Airstream, alianza mwaka 1959 kuongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, na msafara huo ulipita Afrika Mashariki na Ethiopia. Barabara mbovu za safari kama hiyo hupima springi, ekseli na nati. Lami iliyonyooka hupima mizania, na ndiyo inayomdanganya mgeni zaidi, kwa kuwa inamwita akimbie.

Ukishafika kambini, mvutano wa dunia unaendelea kukudai. Matrela mengi bado yana friji ya aina iliyobuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters. Haina kompresa. Moto mdogo wa gesi unachemsha maji yenye amonia; amonia inapanda ikiwa mvuke, inapoa na kuwa kimiminika, kisha inavukiza upya ndani ya hidrojeni huku ikinyonya joto la chakula chako, na maji yanaimeza na kuirudisha chini. Moto unazaa baridi, jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha. Lakini hakuna pampu; vimiminika hivyo vinashuka kwa mteremko wa mabomba tu. Trela likiegeshwa limeinama, vinatuama, sehemu inayochemshwa inakauka na kuungua, na mabomba huziba pole pole. Barabarani mtikisiko unavisaidia kusogea. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha friji hiyo, weka pimamaji sakafuni na usawazishe trela pande zote mbili. Kama friji yako ni ya kompresa, hili halikubani sana. Choo nacho kina kanuni yake: valvu ya tangi lake ibaki imefungwa mpaka tangi lijae kama theluthi mbili, la sivyo maji yatatoka peke yake na uchafu mgumu utabaki umerundikana.

Lililobaki ni hewa. Propeni, gesi ya mtungi wa trela, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo inatoka mtungini hata theluji ikianguka, wakati buteni inakwama karibu na nyuzi sifuri. Zote mbili ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana kengele ya gesi hufungwa karibu na sakafu. Kila kilo 1 ya propeni inayoungua inatoa takriban kilo 1.6 za maji, na ukipika umefunga madirisha utayaona yakitiririka kwenye kuta. Kibaya zaidi ni monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Ni sumu ileile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na chumba cha trela ni kidogo kuliko vyumba vingi. Usiwashe mkaa ndani, usiache jiko la gesi likiwaka ili lipashe joto, na usiweke jenereta karibu na dirisha. Kengele ya sumu hiyo ina mwisho wa kutumika ambao huandikwa nyuma yake. Ukinunua trela lililotumika, ishushe ukutani siku hiyohiyo uisome.