Mama atazalia wapi?

Katika nyumba nyingi za Kongo, mimba ikifika mwezi wa nane, neno moja huanza kuwagawanya watu. Mama mkwe asema: «Mimi nilizaa watoto tisa juu ya mkeka, na mikono ya mama yangu ilitosha. Huyu mke wako aogopa nini?» Bibi mwenye mimba anyamaza kwa heshima, lakini usiku amwambia mumewe kwamba ataka kwenda materniti. Mume naye ahesabu franka zake. Akumbuka jirani aliyerudi kutoka huko na kidonda cha tumbo na deni kubwa. Akumbuka pia jirani mwingine aliyezalia nyumbani, wakamzika kesho yake. Basi, ni nani mwenye kusema kweli?

Mama mkwe tusimcheke. Historia ya waganga wenyewe yamtetea, na twapenda kuisimulia hapa, kwa maana wengi hawaijui.

Katika mji wa Vienna, Ulaya, palikuwa na hospitali kubwa yenye nyumba mbili za wazazi. Katika nyumba ya kwanza walifanya kazi madaktari na wanafunzi wao. Katika ya pili, wakunga tu. Siku moja wazazi walipokewa huku, siku nyingine kule. Sasa tazameni ajabu: tangu mwaka 1841 hata 1846, katika nyumba ya madaktari walikufa kwa homa ya uzazi karibu akina mama kumi katika kila mia, katika nyumba ya wakunga hawakufika wanne. Watu wa mji walijua. Akina mama walilia na kuomba wasipelekwe kwa madaktari. Hata wale waliojifungua njiani, kabla ya kufika hospitali, waliugua homa hiyo mara chache kuliko wenzao waliowahi kitanda.

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, hakupata usingizi kwa ajili ya jambo hilo. Alitafuta sababu kila mahali. Padre alipopeleka Sakramenti kwa wagonjwa alipita katikati ya nyumba ya kwanza, na mtumishi mbele yake akipiga kengele. Labda kengele ile iliwatia wazazi hofu ya kufa? Semmelweis alimwomba padre apite njia nyingine, bila kengele. Vifo havikupungua. Wakunga waliwalaza wazazi ubavu, madaktari waliwalaza chali. Akaamuru walazwe ubavu pote. Hapana faida. Ndipo katika mwaka 1847 rafiki yake, mwalimu wa madaktari, alichomwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana kabisa na ule wa wazazi. Semmelweis akafahamu. Madaktari na wanafunzi walitoka asubuhi katika chumba cha maiti, wakaja moja kwa moja kuwagusa akina mama. Wao wenyewe walibeba mauti mikononi! Akawaamuru wote wanawe mikono kwa maji ya klori, na katika miezi michache vifo vikashuka hata kuwa karibu na wawili katika mia. Wakubwa wengi wa elimu walimdharau, kwa sababu haikuwapendeza kusikia kwamba mikono ya mabwana ni michafu. Alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wenye wazimu.

Basi hospitali si salama kwa sababu ni hospitali, wala nyumbani si pa hatari kwa sababu ni nyumbani. Mikono ndiyo ya kutazamwa, na vitu vilivyomo mikononi, na mtu anayejua la kufanya saa ya taabu.

Kuna jambo la pili ambalo mama mkwe alijua zamani, na madaktari wamelijifunza kwa kuchelewa. Mwingereza mmoja, Grantly Dick-Read, aliandika tangu mwaka 1933 kwamba hofu hukaza mwili, na mwili uliokazwa huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha hofu tena. Mwaka 1951 daktari Mfaransa, Fernand Lamaze, aliona katika Urusi jinsi akina mama walivyofundishwa mapema habari za mwili wao na namna ya kupumua, akaleta mafundisho hayo Paris. Wakristo wengine walifadhaika: je, Kitabu cha Mwanzo hakisemi kwamba mwanamke atazaa kwa uchungu? Baba Mtakatifu Pius XII aliwajibu mbele ya waganga tarehe 8 Januari 1956. Alieleza kwamba njia ile haina kosa, na kwamba neno la Mwanzo halikatazi kutafuta njia ya kupunguza maumivu.

(Dick-Read alidhani tena kwamba wanawake wa nchi zetu huzaa karibu bila uchungu. Kila mtu aliyewahi kukaa nje ya mlango usiku kucha, akisikia, aweza kumjibu.)

Lakini katika neno la hofu alisema kweli. Mama aliyeachwa peke yake juu ya meza nyembamba, akikaripiwa na kijana asiyemjua, amekatazwa kusimama wala kutembea, dada yake amefungiwa nje: huyo hazai vema. Si sisi tu tusemao hivi. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maagizo yake ya mwaka 2018, lasema kwamba mama awe na mwenzi aliyemchagua mwenyewe. Kwamba atembee, na azae akikaa au akichuchumaa kama apendavyo. Kwamba asikatwe njia ya uzazi kwa desturi tu. Kwamba uchungu unaokwenda polepole, ikiwa mama na mtoto ni wazima, usiharakishwe kwa dawa. Mabibi wazee wangesoma maagizo hayo wangecheka kidogo.

Sasa na tumgeukie mama mkwe. Mama, ulizaa tisa, tunakushukuru. Lakini waliozaa salama ndio wanaosimulia. Wale wengine hawapo barazani.

Mara nyingi kuzaa hakuhitaji daktari. Hatari ni kwamba hakuna ajuaye mbele ni siku gani atahitajiwa. Mtoto ametoka, amelia, watu wamepiga vigelegele, na damu ya mama haikatiki. Tumbo la uzazi limelegea badala ya kujikaza kama ngumi. Damu ya namna hiyo yaweza kumwua mwanamke mzima katika muda wa saa mbili, na saa mbili ni nini kwa watu watakaombeba katika kipoyi, au juu ya pikipiki, katika njia ya matope? Mkunga aliyefundishwa huchoma sindano ya oksitosini mara tu mtoto azaliwapo, damu isipate nafasi. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika ya Kusini, kwa akina mama zaidi ya 200,000. Waliwekewa chini yao kitambaa cha plastiki chenye alama, kusudi damu ipimwe, isikisiwe kwa macho. Tena matibabu yote yakatolewa pamoja bila kungoja. Mabaya makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa sehemu 60 katika mia.

Je, katika Kongo akina mama wanakataa materniti? Sivyo. Uchunguzi wa taifa wa miaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto wanane katika kumi walizaliwa katika nyumba za afya. Na hata hivyo uchunguzi uleule ulihesabu vifo vya akina mama 846 kwa watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa mwaka 2023, Umoja wa Mataifa wakadiria kwamba akina mama 19,000 hivi walikufa katika nchi yetu kwa sababu ya mimba na uzazi. Maana yake ni wazi: wengi walifika mlangoni. Ndani hapakuwa na damu ya kuongeza, au oksitosini ilikuwa imeharibika kwa joto, maana hutaka baridi ya digrii 2 hata 8 na friji haina umeme. Au mkunga alikuwa mmoja kwa wazazi sita. Mahali pengine mama aliyekwisha kuzaa huzuiliwa mpaka deni lilipwe, na habari hiyo hurudi kijijini upesi kuliko yeye, ikawafunga wengine majumbani. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilianza katika Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo. Ni neno jema. Lakini sindano isiyolipiwa na mzazi lazima ilipiwe na mtu, la sivyo sanduku litakuwa tupu.

Kwa hiyo, wewe baba, usingoje uchungu uanze. Nenda mwenyewe materniti mwezi wa saba. Uliza kama mkunga hulala pale usiku, kama dawa ya damu ipo, na gari hutoka wapi mtoto akipasa kutolewa kwa upasuaji. Kama mke wako alikwisha pasuliwa, kama ana mapacha, kama mimba ni ya kwanza, au alitoka damu nyingi zamani, usibishane na mtu: azae mahali penye mpasuaji, hata ikipasa ahamie kwa ndugu karibu na hapo majuma mawili mbele. Na akishikwa na kichwa kikali, macho yakiona giza, au akianza kutetemeka kama mwenye kifafa, ondokeni saa ileile.

Mama mkwe naye aende pamoja. Achukue uji, maji ya moto na nguo safi, aombe nafasi kando ya kitanda, amsugue bibi mgongo na kumtuliza kwa maneno yale aliyoambiwa yeye alipozaa yule wa kwanza. Mkunga akisema hapana mahali pake, amjibu kwa adabu kwamba hatasimama mbele ya kazi yake, kisha akae.