Hita ya mishumaa na chungu: je, inafaa kwa baridi ya Njombe?

Baridi ya Juni hadi Agosti hatuna haja ya kumweleza mtu wa Njombe au Makambako. Msimu huu baadhi yenu mmetutumia video inayozunguka kwenye simu: mishumaa minne inawashwa chini ya chungu cha maua kilichofunikwa. Mnauliza, je, kweli inapasha chumba joto?

Jibu fupi: inapasha mikono, haipashi chumba.

Chungu hakitengenezi joto. Kinapokea joto la mishumaa, kinalishika, kisha kinalitoa taratibu. Mshumaa mdogo wa kikombe hutoa joto la wati 30 hadi 40 tu. Mtu mzima aliyetulia hutoa karibu wati 100. Kwa hiyo mishumaa minne ni kama kuongeza mtu mmoja na nusu chumbani. Hita ya umeme huwa na wati 1,000 au zaidi.

Hatari yake ni moto. Mishumaa ikibanana chini ya chungu, nta hupata joto kali na inaweza kulipuka moto yote kwa pamoja. Ikitokea hivyo, usimwagie maji, kwani moto utaruka juu. Funika kwa mfuniko wa sufuria au mchanga. Na usiwashe mishumaa karibu na pazia au chandarua, wala usilale ikiwaka.

Lakini kinachotutia hofu zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Mkaa ukishakolea hauna moshi, na hapo wengi hudhani ni salama. Sivyo. Unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayozuia damu kubeba oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuishiwa nguvu. Aliyelala hazioni dalili hizo; anaweza kufa usingizini. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje apate hewa safi na mwahishe kituo cha afya. Kwa msaada wa Zimamoto na Uokoaji piga 114.

Tufanye nini basi? Oteni moto jikoni, mlango ukiwa wazi, kisha jiko libaki nje mnapokwenda kulala. Jaza dumu la lita 5 maji ya moto, yasiwe ya kuchemka, lifunge vizuri, lizungushie kitambaa nene na uliweke miguuni kitandani. Maji hayo yakipoa hutoa joto karibu sawa na mshumaa mdogo unaowaka saa 4, ila lote linabaki ndani ya blanketi lako. Kwa mtoto, pasha kitanda kwanza, kisha ondoa dumu kabla ya kumlaza. Tandika maboksi au mkeka chini ya godoro, maana baridi nyingi hutoka sakafuni. Vaa soksi na kofia.

Leo usiku, kabla hujafunga mlango, hakikisha jiko liko nje.